Ukuta wa Sisimizi

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala na ugomvi mmoja, na ugomvi wenyewe ulilala chumba cha tatu.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha mama mkwe, mwenye nyumba, mjane aliyetembea na funguo zote kiunoni, ukamsikia kabla hujamwona. Chumba cha pili alilala mwanawe mdogo, kinyozi, pamoja na mkewe, fundi cherehani. Cha tatu kilikuwa na kitanda, dirisha lililotazama kamba ya kuanikia nguo, na kuta tupu. Kiliitwa chumba cha wageni, ingawa mgeni alikuwa mmoja tu na wala hakuwa mgeni: kaka mkubwa wa kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Nipo Njiani. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila simu. Mwite msibani, nipo njiani. Mwite harusini, nipo njiani. Wali utaliwa, masufuria yataoshwa, yeye bado yupo njiani. Kazi alizianza nyingi, na kila iliyomtupa alirudi kwa mama yake na begi lake, akakaa mpaka nyayo zimwashe tena.

Kinyozi na fundi cherehani walikuwa na binti mmoja, mtoto wa darasa la tatu. Kila Nipo Njiani alipoondoka, mtoto aliambiwa haya, chumba sasa ni chako. Akahamia na daftari zake, viatu vyake na mdoli wake asiye na mkono. Kila Nipo Njiani aliporudi, bibi yake alichukua beseni la kufulia, akapakia humo kila kitu cha mtoto, akalisukuma chini ya meza ya sebuleni, kando ya godoro lililokunjuliwa usiku na kukunjwa asubuhi. Beseni moja lilitosha. Ndipo bibi akampa jina.

"Huyu ni Sisimizi," alisema. "Kazi yake kubeba makombo toka shimo hili kwenda shimo lile."

Watu wakacheka, na jina likaganda. Mtoto mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza. Mama yake aliusikia mcheko ule na akajua haukuwa mcheko.

Huyo mama naye alikuwa na jina la mtaani, Mama Pindo. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha mbele, na hakuna sare iliyotoka mikononi mwake bila pindo nene ndani. "Mtoto anakua, sketi haikui," aliwaambia wazazi. Mwaka ukiisha unamrudishia sketi, anafumua pindo, anaishusha, mtoto anarudi shuleni kama aliyenunuliwa sketi mpya. Mkono wake ulizoea hivyo. Hata ungemwambia akate leso ya kupengea kamasi, angeacha pindo.

Basi siku moja, mchana, simu ya mama mkwe ikalia, naye huizungumza simu kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Mwanangu! Eeh! Jumamosi? Njoo baba, njoo. Chumba chako kipo."

Alipokata, akaenda uani moja kwa moja kulifuata beseni. Akalikuta limejaa maji na mashuka, na Mama Pindo ameinama anayafikicha.

"Nipe hilo beseni."

"Nimeloweka, mama."

"Yamwage kwenye ndoo."

"Ndoo ina maji ya kunywa."

Mama mkwe akamtazama. Hakuna mtu aliyewahi kumjibu mara mbili mfululizo katika uwanja ule, isipokuwa jogoo, na jogoo yule alishaliwa.

"Una neno?" akauliza.

"Ninalo," Mama Pindo akasema, bado anafikicha. "Mtoto hatatoka safari hii. Shemeji akija atapata chai, atapata chakula, atapata salamu zote. Chumba hatapata."

"Chumba cha nani hicho unachokigawa?"

"Sikigawi, mama. Kimeshagawiwa mara tatu. Mimi nimechoka kuona kikipokonywa."

Mama mkwe akaondoka bila beseni. Lakini funguo zake zililia njia nzima mpaka ndani, na funguo za mama yule zilikuwa na lugha yao.

Mama Pindo alikuwa mtu wa kufikiri kwa mikono. Aliendelea kufua huku akipima jambo lake. Alijua maneno hayatamsaidia. Chumba kile kilikuwa rahisi kukipokonya kwa sababu hakukuwa na kitu ndani kilichosema ni cha nani. Kilihitaji kitu ambacho hakibebeki, hakikunjiki, na hakiingii ndani ya beseni. Akakumbuka nyumba moja alikokwenda kupima mapazia. Chumba cha mtoto cha pale kilikuwa na ukuta mmoja, nyuma ya kitanda, uliofunikwa mbao za rangi toka chini hadi juu, zimepangwa kama kitenge. Alisimama mlangoni na futi yake shingoni, akashindwa hata kuingia na viatu. Mtu mzima angetua begi vipi katika chumba kama kile? Ukuta wenyewe ungemuuliza, wewe nani?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama Pindo alikuwa ameziba ufa tangu siku aliyoolewa. Sasa alikwenda kutafuta mbao.

Seremala wa mtaa aliitwa Fundi Randa, na karakana yake ilikuwa pembeni mwa barabara, imezama katika vumbi la mbao hadi vifundoni. Walijuana kikazi; yeye alitengeneza makochi, Mama Pindo akashona mito. Alipoelezwa, akafurahi, akachora kwa penseli juu ya ubao, akaahidi kuja kesho yake kupima. Kesho hakuja. Mama Pindo alipomfuata, alimkuta anaranda kitu ambacho kilikwisha kurandwa.

"Fundi mwenzangu," akasema bila kuinua macho, "mama mkwe wako alipita hapa."

"Na wewe ukaogopa."

"Sikuogopa. Nilimheshimu."

"Ulimheshimu ukiwa umejificha wapi?"

Fundi Randa akacheka, akaweka randa chini. "Sikiliza. Yule ni mtu mzima, na nyumba ni yake. Akinambia nisikanyage kwake na msumeno, sikanyagi. Ndiyo adabu niliyofunzwa."

"Sawa. Usikanyage. Nipe mbao."

"Mbao nitakupa. Kuna hizi za kupakilia mizigo, nimezivunja, nimezipitisha kwenye mashine, nyembamba nzuri. Lakini utazifanya nini wewe?"

"Nitazishona."

Alimpa mbao, akamwazima msumeno, nyundo na dreli, akampa na fito za kupigiliwa ukutani kwanza, maana mbao hazipigiliwi kwenye lipu moja kwa moja, zitaning'inia kama meno ya mzee. Akamwonyesha namna ya kunyoosha fito kwa pimamaji. Mwishoni akamsindikiza hadi njiani.

"Usiseme umezitoa kwangu."

"Mtaa huu una seremala mwingine?"

"Hauna. Lakini wewe usiseme tu."

Kinyozi alirudi jioni akazikuta mbao zimeegemea kibarazani. Alikuwa mtu mpole, mpenda amani kupita kiasi. Kazi yake ilimfunza kukubaliana na kila aliyeketi kwenye kiti chake. Asubuhi aliunga mkono timu hii, mchana timu ile, na wote walitoka wamenyolewa vizuri.

"Mke wangu," alianza, "si tungengoja tu? Kaka hakai sana."

"Mara ya mwisho alikaa mpaka paka akatusahau sisi akawa wa kwake."

"Ni mama atakayeumia."

"Na mwanao je? Yeye ana gamba la kobe?"

"Kinyozi hagombani na kichwa," akasema, kama alivyosema siku zote.

"Basi usigombane. Nishikie huo ufito, unateleza."

Akaushika. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, lakini ufito aliushika.

Siku iliyofuata dreli ilipoingia kwenye lipu, nyumba nzima ilipiga kelele. Mama mkwe alitokea mlangoni na unga mikononi.

"Ukuta huo alipiga lipu marehemu mume wangu kwa mikono yake!"

"Aliipiga ikapigika, mama. Dreli yenyewe inalia."

"Unautoboa!"

"Nautoboa, eeh. Angekuwapo angeninyooshea fito. Mjukuu ni wake."

Mama mkwe alikung'uta unga mikononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele, "Nikimnyima mwanangu kitanda, hatarudi tena. Wewe una wako hapa, unamwona kila asubuhi. Mimi wangu yuko barabarani."

Mama Pindo akazima dreli. Neno lile lilimwingia, hakutegemea. Kwa muda kidogo nusura ateremke kwenye kigoda alichosimamia.

"Atarudi, mama," akasema. "Mtu hafuati kitanda, anamfuata mama yake. Na kama anafuata kitanda..."

Mama mkwe aligeuka akarudi jikoni, na dreli ikawaka tena.

Vipande vyenyewe Mama Pindo alivikata kama anavyokata nguo. Aligundisha magazeti, akayapima kwa futi yake, akakata umbo moja la uru, kama lile la kwenye karata. Akaliweka juu ya ubao, akazungushia chaki, akakata. Akahama, chaki, akakata. Msumeno haukuwa mkasi, ulimvimbisha kiganja, lakini kazi ilikwenda. Sisimizi akirudi shule alivua sare akakaa chini kupiga msasa, nywele zake zikawa nyeupe kwa vumbi kama bibi kizee. Rangi alichagua yeye: bluu iliyokolea ya chini kabisa, kisha bluu ya kawaida, kijani, njano, na ya juu kabisa mbao zibaki na rangi yake, zipakwe vanishi tu.

"Kwa nini juu tusipake?" mama yake akauliza.

"Kwa sababu juu sifiki kuchora," mtoto akajibu. "Huku chini nitachora."

"Hutachora."

"Kidogo tu."

"Haya. Kidogo."

Rangi ilipokauka, wakasogeza makochi ya sebuleni, wakachora sakafuni kwa chaki ukubwa wa ule ukuta, wakaanza kupanga vipande kuona vitakavyokaa. Safu ya kwanza ikapita mstari wa chaki. Mama Pindo akadhani amepanga vibaya, akaibana. Ikapita tena. Ya pili ikaingia chini ya meza. Kufika ya nne, ukuta ulikuwa umeshavuka mkeka na unaelekea mlango wa mbele.

Mama mkwe alitoka chumbani kwake, akasimama, akatazama.

"Hii ni nini?"

"Ni ukuta, mama," kinyozi akasema.

"Mbona unatoroka?"

Mama Pindo akainama. Alichukua lile gazeti la kukatia, akaliweka juu ya kipande kimoja. Gazeti lilikaa katikati, na kuzunguka pande zote kulibaki upana wa kidole. Akajaribu kingine. Upana wa kidole. Mkono wake ulikuwa umeizungusha chaki pembeni kidogo ya gazeti, kama ulivyozungusha maisha yake yote, bila kumuuliza mwenyewe.

"Nimeacha pindo," akasema polepole. "Mungu wangu. Nimeiachia mbao pindo."

Mama mkwe alicheka. Alicheka mpaka funguo zikaruka kiunoni, mpaka akashika ukuta. "Mbao inakua? Eti mwakani uifumue uishushe?" Kinyozi naye, masikini, akajikuta anacheka, akajifunika mdomo. "Mwenyewe kasema atazishona," mama mkwe akaendelea, akijipangusa machozi. "Sasa zimeshoneka! Jumamosi hiyo, mwanangu. Toeni takataka hizi mgeni apate pa kupita."

Sisimizi akaanza kuokota vipande, kimoja kimoja, akivibeba kifuani kuelekea uani. Hakuna aliyemwambia aokote. Alikuwa ameshazoea, neno likitoka, yeye hubeba. Mama yake alimwangalia mgongo wake mdogo ukienda na mzigo, hasira ikampanda.

"Rudisha," akasema.

"Bibi kasema—"

"Rudisha hapa! Nimekwambia mimi nimekosea kukata. Sijakwambia nimeshindwa."

Akaketi sakafuni katikati ya vipande vyake. Kukata upya kila kimoja, pande nne, kwa msumeno wa mkono na rangi ilishapakwa, haiwezekani. Akajiuliza swali la kazi yake mwenyewe. Mteja akikuletea kitambaa kimezidi kiuno, unafanyaje? Unakata? Mjinga ndiye anayekata. Unakunja marinda.

Mbao haikunjiki. Lakini inapandiana. Akachukua vipande viwili, akalaza ukingo wa kimoja juu ya kingine, upana wa vidole viwili. Akaongeza cha tatu, ncha yake ikakaa juu ya kiungo cha vile viwili. Akaongeza, akaongeza. Vilikaa kama magamba ya samaki, kila kimoja kimeinua kidevu kidogo, na kila kidevu kikaangusha kivuli chembamba juu ya mwenzake. Safu ya kwanza ikarudi ndani ya chaki. Ya pili nayo.

"Hee," kinyozi akasema.

Mama mkwe hakusema hee. Lakini hakuondoka upesi.

Ukutani kazi ilikuwa na ubishi wake. Safu ya chini kabisa, kwa kuwa haikuwa na cha kuilalia, ililala chali wakati wenzake wote wamesimama videvu juu, na ukuta ukaonekana umekanyaga pindo la gauni lake. Mama Pindo aliing'oa yote, akapigilia ufito mwembamba chini yake kuinyanyua, akairudisha. Baada ya hapo ikaenda. Yeye alipigilia, Sisimizi akampa vipande na misumari midogo, mingine midomoni mwa mama na mingine kiganjani mwa mtoto. Ijumaa, mtoto aliporudi shule, bluu zote zilikuwa zimekwisha na kijani imeanza, ukuta umepita kichwa cha kitanda.

Hapo ndipo mlango wa mbele ukagongwa. Nipo Njiani alisema Jumamosi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa amewahi.

Aliingia na begi, na harufu ya safari, na vicheko vyake. Ukweli usemwe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchekeshaji, mkarimu kwa vitu vya watu. Alimkumbatia mama yake, akampiga mdogo wake kofi la bega, kisha akaenda moja kwa moja, miguu ikijua njia, hadi chumba cha tatu. Akasimama.

"Ala! Kumetokea nini humu?"

"Karibu, shemeji," Mama Pindo akasema kutoka juu ya kigoda, misumari midomoni. "Tunajenga."

"Naona. Mtoto anataka ukuta wa nini? Mtoto akilala anafumba macho."

"Na wewe, shemeji, ukilala unafumbua?"

Nipo Njiani akacheka kwa moyo, akatua begi juu ya kitanda. Mama Pindo akateremka kigodani, akatema misumari kiganjani, akalichukua begi, akalipeleka sebuleni, akaliweka juu ya kochi. Akarudi. Nipo Njiani bado anacheka, lakini mcheko umepungua sukari, akaenda akalichukua, akalirudisha kitandani. Mama Pindo akalibeba tena. Lilikuwa zito, mtu yule alibeba maisha yake yote humo. Akaliweka kwenye kochi, safari hii akalilaza vizuri na kuliwekea mto, kama mgonjwa.

"Shemeji, huu ni mchezo?"

"Si mchezo. Begi lako kwake ni pale."

Mama mkwe alikuwa ameshafika. Sauti yake ilijaza ukumbi. "Katika nyumba yangu! Mbele yangu! Mwanangu anatupiwa begi kama muuza mitumba!"

"Sijalitupa, mama. Nimelilaza."

"Toa mbao zile! Leo hii! Au—"

"Au nini, mama?" Mama Pindo akamgeukia. "Sema. Nyumba ni yako, hilo sibishi, sijawahi kubisha. Ukitaka tutoke, tutatoka. Mimi nina cherehani, cherehani haiulizi iko kibaraza gani. Tufukuze sote watatu. Lakini kama tunabaki, chumba hiki ni cha huyu mtoto, leo, na kesho, na shemeji akija, na shemeji akiondoka. Hatoki tena. Mimi nimemaliza."

Hata Nipo Njiani alitafuta pa kuweka mikono yake. Sisimizi alisimama pembeni mwa kitanda, vipande viwili vya kijani kifuani, hajui kama avishushe au avibebe kwenda uani.

Mama mkwe akamgeukia kinyozi. "Mwambie mkeo."

Kinyozi akamtazama mama yake. Akamtazama kaka yake. Maisha yake yote alikuwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu akisema ndiyo mzee, kweli mzee. Sasa vichwa vyote vilikuwa vimemgeukia, na hakuna hata kimoja alichoweza kukinyoa kikaondoka kimeridhika. Akaingia chumbani, akaokota nyundo sakafuni, akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Kinachofuata ni kipi?" akamuuliza.

Sisimizi akamtazama mama yake, kisha baba, kisha akampa kipande kimoja. Kinyozi akakiweka ukutani. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili akajigonga kidole gumba, akasema neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mama yake. Wa tatu ukaingia. Kipande kilikaa upande kidogo, na kipo hivyo hivyo mpaka leo. Mkewe angeweza kukinyoosha lakini hakukigusa.

"Sasa na wewe," mama mkwe akasema. Haikuwa amri wala swali. Akarudi chumbani kwake, na funguo safari hii hazikulia, maana alizishika kwa mkono.

Usiku ule Nipo Njiani alilala kwenye kochi, miguu ikining'inia, na mama yake alimpelekea blanketi mbili na lawama za kutosha kwa ajili ya wote. Asubuhi, jua limekwisha kutoka na chai imekwisha kunywewa na wanaoamka, nyundo ikaanza. Njano ilikuwa bado. Mlango wa chumba ulifungwa ili vumbi lisiende sebuleni, lakini sauti ya nyundo haizuiwi na mlango, na kwenye kochi blanketi ilipanda juu, ikashuka, ikapanda.

"Mama," Nipo Njiani alilia kutoka chini ya blanketi, "waambie basi!"

Mama mkwe alikuwa amewaka tayari. Alipita ukumbini kwa hatua za vita. Mama Pindo, ndani, alizisikia zikija, akashusha nyundo. Kinyozi akashika kigoda kwa nguvu.

"Mnampigia mgeni kelele!" sauti ikasema nje ya mlango.

"Si mgeni, mama," Mama Pindo akajibu, bila ukali lakini bila kurudi nyuma. "Ni mtoto wa nyumbani. Ndiyo maana hatuna haja ya kumwekea chumba cha wageni."

Walisikia mkono ukishika kitasa. Kitasa kikashuka nusu, kikasimama. Wote watatu walikitazama. Mama mkwe alikuwa hajawahi, katika nyumba ile, kusimama nyuma ya mlango wowote. Kwa kawaida alifungua, akaingia, akasema. Kitasa kikapanda tena mahali pake. Pakapita muda, na huko sebuleni Nipo Njiani akakohoa.

Kisha mlango ukagongwa, taratibu, kwa kifundo cha kidole kimoja.

"Hodi."

Mama Pindo akafungua kinywa kujibu, akakifunga. Haikuwa yake kujibu. Akamwonyesha mtoto kwa kidevu.

Sisimizi alikuwa amekaa sakafuni, kalamu mkononi, tayari amekwisha kuanza kuchora kitu kwenye bluu ya chini kabisa, kidogo tu. Hakuinuka.

"Nani?" akauliza.

Nje, bibi yake akashusha pumzi. "Mwenye nyumba."

Mtoto akatazama mchoro wake. Ulikuwa umebaki mguu mmoja.

"Ngoja kidogo, Bibi," akasema, akainamia ukuta wake.

Na mwenye nyumba akangoja.